Kompyuta haipumui: yaliyonipata nikirekodi albamu yangu ya kwanza ya okestra

Albamu yangu ya kwanza ya okestra ina dakika 42 za muziki. Kutoka nota ya kwanza hadi siku ilipotoka ilipita miaka minne, na ilikuwa iwe ya dakika 51. Hizo dakika 9 zilizokosekana nitazieleza mbele, maana zilipotea kwa sababu ya barua niliyochelewa kuiandika. Naandika haya nikimfikiria mtunzi ambaye sasa hivi ana nota zake kwenye kompyuta, amezisikiliza mara mia, anaamini ziko tayari na ameanza kuulizia gharama za okestra. Mimi nilikuwa huyo. Laiti mtu angenishika mkono wakati ule akaniambia: bado, ndugu yangu, kaa kwanza.

Kosa langu kubwa ndilo lililozaa mengine. Kwa miaka mitatu niliusikia muziki wangu kupitia sauti za kompyuta tu. Programu za siku hizi ni nzuri mno. Sauti zake zimerekodiwa kutoka kwa wapigaji halisi, nota moja moja, na ukivaa hedfoni nzuri unaona kama umeketi ukumbini. Lakini kompyuta haipumui. Haina midomo inayochoka, wala mkono unaohangaika kufunua ukurasa. Ukitaka filimbi isikike juu ya tromboni tatu, unaiongezea sauti kwa kidole kimoja na inasikika. Nilizoea hivyo hadi nikasahau kwamba ninawaandikia watu.

Ukumbini walikaa watu 62: wapigaji 40 wa nyuzi, wanane wa filimbi, obo, klarineti na fagoti, kumi wa vyombo vya shaba, watatu wa timpani na vyombo vingine vya kugonga, na mmoja wa kinubi. Katika kipande cha pili nilikuwa nimeipa filimbi wimbo kwenye oktava yake ya chini kabisa, pale sauti yake inapokuwa laini kama pumzi juu ya kioo, na chini yake nikapanga honi nne na tromboni. Mpigaji alijaza mapafu, akapuliza kwa nguvu zake zote, na tuliyoyasikia ni mashaba tu. Tulisimama. Mwongozaji akanigeukia kupitia dirisha la chumba cha mitambo. Ikabidi tromboni zinyamaze, honi zishuke hadi kunong'ona, na klarineti iubebe wimbo pamoja na filimbi oktava moja juu. Dakika 18 zikaisha hapo, kwa jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa filimbi angenieleza kwa dakika moja.

Kisha ikaja honi ya kwanza. Nilikuwa nimemwandikia nota moja ya juu ya kushikilia baa 14 (baa ni kipimo kimoja cha mdundo) za mwendo wa taratibu, karibu sekunde 50. Kwenye kompyuta ile nota ilinitoa machozi kila nilipoisikia. Mpigaji aliinua mkono akauliza kwa adabu kabisa: "Nipumue wapi?"

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kujiuliza. Walilitatua wenyewe kwa kupokezana, honi ya kwanza na ya tatu, mmoja akiingia polepole kabla mwenzake hajaacha, na leo ukiisikiliza huwezi kujua. Lakini swali lile limekaa nami. Sasa kila ninapoandikia chombo cha kupuliza, naiimba sehemu yake yote kwa pumzi yangu mwenyewe kabla ya kuendelea.

Kwa hiyo, kabla hujalipa okestra, mtafute mpigaji mmoja wa kila jamii ya vyombo na umlipe muda wa saa moja. Mpe sehemu yake tu, usimpe nota za okestra nzima. Mwache apige, kisha muulize maswali mawili: wapi umepata shida, na wapi hakuna faida kwa shida hiyo. Ugumu wenye faida mpigaji huupenda na huenda nao nyumbani kuufanyia mazoezi. Ugumu usio na faida humkera, na kinasa sauti huisikia kero hiyo. Tena okestra nyingi za vyuo na za vijana husoma kazi mpya za watunzi. Dakika 20 za usomaji wa namna hiyo zingeniokolea kikao kizima.

Sasa nizungumzie karatasi. Hapa ndipo nilipoumia zaidi, na ndipo watunzi wenzangu wengi hawapendi kukaa.

Nilidhani programu ya kuandikia nota ikishakutolea nota za mwongozaji, basi sehemu za wapigaji zinajitoa zenyewe. Zinatoka, ndiyo, lakini hazijatoka tayari. Nilizichapisha wiki moja kabla ya safari. Fidla za pili walijikuta wanatakiwa kufunua ukurasa katikati ya mbio za nota za haraka, wote kwa pamoja. Mpigaji wa tromboni ya besi alikuwa na kimya cha baa 58 bila alama yoyote ya kumwelekeza, akahesabu, akapotea, akaingia baa mbili mapema. Katika kipande cha nne herufi za kuanzia mazoezi hazikulingana na za mwongozaji, kwa sababu nilikuwa nimeongeza baa nne usiku mmoja na sikurekebisha sehemu zote. Mwongozaji anasema, "Tuanzie herufi F," na nusu ya ukumbi inaanzia mahali pengine.

Tulitumia dakika 22 kusahihisha kwa penseli. Fanya hesabu kama nilivyoifanya usiku ule hotelini: dakika 22 mara watu 62 ni karibu saa 23 za kazi ya binadamu, zimelipiwa, na hakuna nota hata moja iliyorekodiwa.

Kuna chama cha wakutubi wa okestra kiitwacho MOLA, ambacho kimetoa mwongozo wa namna ya kuandaa sehemu za wapigaji. Uusome mapema. Unaeleza ukubwa wa mistari ya nota, ukubwa wa karatasi, namba za baa, mahali pa kufunulia ukurasa, na zile nota ndogo zinazomwonyesha aliyenyamaza muda mrefu kwamba zamu yake inakaribia. Mambo haya yanaonekana madogo ukiwa mezani. Lakini wapigaji wa nyuzi hukaa wawiliwawili kwenye stendi moja. Mmoja akifunua, mmoja anapiga, na nusu ya sauti ya kundi lote inatoweka kwa sekunde ile. Ukiweza kumlipa mwandaaji nota mzoefu, mlipe. Mimi nilikataa ili kubana matumizi, na nikamlipa baadaye usiku kucha kati ya siku ya kwanza na ya pili, kwa malipo ya dharura. Mwelekeo wa pinde, yaani lini upinde uvutwe chini na lini usukumwe juu, nao uombe mapema kwa kiongozi wa fidla za kwanza, usiwaachie wapigaji wa nyuzi wajadiliane mbele ya vipaza sauti (maikrofoni).

Kuhusu fedha nitasema wazi bila kutaja kiasi, kwa kuwa bei hutofautiana mno na hubadilika. Theluthi mbili ya fedha yangu yote ilikwenda kwa wapigaji, mwongozaji na ukumbi. Sehemu moja ya sita ikaenda kwa prodyuza, fundi sauti na uhariri. Iliyobaki ilipaswa kutosha nota, safari, bima, mastaringi (kuisawazisha sauti ya albamu kwa mara ya mwisho), jalada na kuitangaza albamu, na haikutosha. Sikuweka akiba ya dharura. Akiba ya miaka mingi ikaisha, nikakopa kwa ndugu, na deni lile nililimaliza baada ya albamu kutoka. Nilikuwa nimelinganisha okestra za kukodi katika miji inayojulikana kwa kazi hii, kama Budapest, Prague, Bratislava na Skopje, na nilijifunza kwamba bei ya kwanza unayotajiwa haisemi kitu mpaka uulize: je, ukumbi umo? Vipaza sauti na fundi vimo? Kukodi kinubi na vyombo vya kugonga kumo? Na haki za wapigaji katika rekodi zinalipwa mara moja, au watadai tena albamu ikitumika kwenye filamu? Majibu yote yawe kwenye maandishi.

Tulikuwa na vikao vinne vya muda wa saa tatu, viwili kwa siku. Ukitoa mapumziko ya dakika 20 katika kila kikao, zinabaki dakika 640 kwa dakika 51 za muziki, yaani dakika 12 na nusu kwa kila dakika moja. Zinaonekana nyingi. Ndani yake kuna kutyuni, yaani kulinganisha sauti za vyombo, kusoma mara ya kwanza, kusahihisha, kurudia, kusubiri lori lipite nje. Na mimi nilizipanga vibaya: nilifuata mpangilio wa albamu, kipande cha kwanza kwanza. Matokeo yake tromboni na tuba walikaa kikao kizima cha tatu bila kupuliza, na nilipowahitaji kwa sehemu kubwa ya mwisho ilikuwa jioni ya siku ya pili, midomo imepoa na wenyewe wamechoka kungoja. Panga kwa vyombo. Vipande vya okestra kamili viwekwe pamoja mapema, vile vya nyuzi peke yake baadaye, wengine waende zao. Sehemu za shaba zenye nguvu zichukuliwe midomo ikiwa mibichi.

Kosa jingine sikuwahi kulisoma popote, kwa hiyo naliandika kwa kirefu kidogo. Kipande cha tatu kina sauti za elektroniki nilizoziandaa nyumbani, zipigwe pamoja na okestra. Nilizitengeneza kwa kiwango cha kimataifa cha A, nota ya kutyunia vyombo, kuwa hezi 440. Okestra nyingi za Ulaya hutyuni juu zaidi, 442 au hata 443, na hii ilikuwa ya 442. Tofauti ya 440 na 442 haifiki hata sehemu ya kumi ya nusu-toni, ile hatua ndogo kati ya nota mbili zinazofuatana kwenye piano. Ukisikia kimoja kimoja hugundui. Lakini fidla 22 zikipiga juu ya sauti ya mashine isiyoyumba, unasikia ukungu, kitu kama kioo kilichopata mvuke. Tulisimama, tukatazamana. Fundi ndiye aliyeuliza, "Mashine yako iko ngapi?" Aliipandisha palepale, na bahati nzuri sauti zenyewe ziliruhusu. Kama ingekuwa piano niliyokwisha kuirekodi, ingekuwa hasara nyingine. Swali la kutyuni liwe katika barua yako ya kwanza kabisa kwa okestra.

Jambo moja tu nililifanya sawasawa, na nusura nisilifanye. Nilitaka kuokoa fedha kwa kuwa prodyuza wangu mwenyewe. Mwongozaji ndiye aliyekataa. Alisema hatapanda jukwaani bila mtu chumbani anayesoma nota na kusikia. Leo namshukuru. Prodyuza wa muziki huu hatengenezi mdundo. Anakaa na nota za okestra nzima mbele yake, na kila mkupuo (mara moja ya kupiga na kurekodi) unapopigwa anaweka alama baa kwa baa: hapa obo imetoka chini kidogo, hapa kiti kimelia, hapa safi. Mwisho wa kikao anajua ni baa zipi zina mkupuo mzuri na zipi bado. Mimi nilikuwa nimezama katika hisia zangu, nisingeweza kujua. Hata hivyo baa nne za kipande cha nne zilitupita. Zilipatikana katika mkupuo wa mazoezi, ambao fundi alikuwa ameunasa bila kuambiwa. Mwombe fundi wako anase kila kitu tangu sauti ya kwanza ya kutyuni.

Vipaza sauti vyenyewe sitavieleza sana. Msingi ulikuwa ule unaoitwa mti wa Decca, kwa jina la kampuni ya rekodi, vipaza sauti vitatu vilivyopangwa kama pembetatu juu ya mwongozaji, mtindo ulioanza miaka ya 1950, pamoja na vingine vya kusaidia karibu na vyombo. Nilichogundua ni kwamba ule mti unasikia ukumbi, na ukumbi unasikia okestra ilivyo. Kama uwiano wa sauti za vyombo si mzuri kwenye karatasi, kipaza sauti cha karibu kitaurekebisha kidogo tu. Hakitaurudisha.

Siku ya kwanza ilipoisha nilijifungia chooni nikalia. Baada ya miaka mitatu nikiisikia kazi ile ikiwa kamilifu kichwani, nilikuwa nimeisikia ikikwama, ikichechemea, ikisimamishwa na maswali ambayo majibu yake nilipaswa kuwa nayo. Niliona nimewapotezea muda watu wenye ustadi mkubwa. Na nilikuwa nimeongeza kosa juu ya kosa: kila mkupuo ulipoisha nilishika kile kipaza sauti cha kuongea na ukumbi nikaanza kueleza, kwa maneno mengi, nilichokusudia. Wapigaji 62 hawawezi kusikiliza watu watatu. Wakati wa mapumziko mwongozaji alinivuta pembeni akaniambia, kwa upole, kwamba mimi niongee na prodyuza, prodyuza aongee naye, naye aongee na okestra. Siku ya pili nilikaa na daftari. Niliandika namba ya baa na neno moja au mawili. Tulifanya kazi mara mbili ya ile ya jana.

Kikao cha mwisho kilipobakiza dakika tatu, nilitaka turudie mwisho wa kipande cha tano mara moja zaidi. Prodyuza akakataa. Alisema anahitaji dakika moja ya ukimya wa ukumbi, kila mtu akiwa amekaa kitini pake na chombo chake mkononi. Nilikasirika. Dakika ya watu 62, kurekodi kimya! Mwongozaji akainua mikono, akaishusha taratibu, na wote wakatulia.

Uhariri ulichukua miezi mitano. Kwa toleo la kwanza nilipeleka maoni 214. Prodyuza aliyarudisha yote, akaniomba niisikilize albamu nzima mara moja bila nota mbele yangu, kisha niandike tu yale ninayoyakumbuka kesho yake asubuhi. Yalikuwa 31. Mengi ya yale mengine yalikuwa ni mimi ninayetaka okestra isikike kama kompyuta yangu: kila mwingilio sawia, kila sauti imenyooka. Tukayaacha, na pale ndipo muziki unapopumua.

Zile dakika 9 zilikuwa wimbo wa soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, na okestra kwa maneno ya mshairi aliyefariki miongo michache iliyopita. Nilidhani kwa kuwa amefariki, maneno ni ya wote. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi kwa uchache miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi nyingi zimeweka 70. Niliwaandikia wenye haki baada ya kurekodi. Walijibu baada ya miezi tisa, kwa heshima, wakakataa. Soprano alikuwa ameimba vizuri kuliko nilivyowahi kuota. Rekodi ipo kwenye diski nyumbani na hakuna atakayeisikia. Omba ruhusa ya maneno kabla hujaandika nota ya kwanza, na usiandike mpaka upate jibu kwa maandishi.

Kisha lebo, yaani kampuni ya kutoa albamu. Nne zilikataa au hazikujibu. Ya tano ilikubali, kwa sharti ambalo kumbe ni la kawaida katika muziki huu siku hizi: mtunzi alete masta, ile rekodi asilia iliyokamilika, iliyokwisha kulipiwa, na pia achangie gharama za kutoa. Mkataba wa kwanza ulitaka niwape umiliki wa masta moja kwa moja. Mwanasheria alinisaidia kubadilisha iwe leseni ya miaka 7, kisha haki zinarudi kwangu. Huyo mwanasheria alikuwa nafuu kuliko kila kitu kingine nilicholipia.

Andaa taarifa za kila kipande mwenyewe: jina la kazi, namba na jina la sehemu yake, mtunzi, mwongozaji, okestra, mwimbaji, na ile namba ya ISRC yenye tarakimu na herufi 12 inayotambulisha kila rekodi. Majukwaa ya kusikilizia yalijengwa kwa kuwafikiria waimbaji wa nyimbo fupi. Yangu ilipotoka, jina langu halikuwemo kabisa kwenye vipande viwili, na ilichukua wiki sita kurekebishwa. Mirabaha nayo usiitegemee: katika majukwaa haya kipande cha dakika 14 huhesabiwa kuwa msikilizo mmoja sawa na wimbo wa dakika mbili. Mapato ya mwaka wa kwanza hayakufikia gharama ya kukodi kinubi. Kilichorudi ni kingine: okestra mbili zimeomba nota ili zipige jukwaani, na zilizokwenda kwao ni zile sehemu zilizosahihishwa, zenye mahali pa kufunulia ukurasa.

Ule ukimya nao umo kwenye albamu. Katika mastaringi tuligundua kwamba kati ya kipande cha tatu na cha nne, ukiweka kimya cha kompyuta, ukumbi unakufa ghafla na msikilizaji anahisi ametolewa nje. Prodyuza akaweka sekunde saba za ile dakika niliyoikasirikia. Ukiwa na hedfoni nzuri, na chumba kimetulia, sekunde ya tano utasikia mtu mmoja upande wa kulia, nadhani ni kwenye selo, akivuta pumzi.